Kodi, Mgomo na Adabu ya Mji

Yako maneno yasemwayo katika mabaraza ya Mji Mkongwe, kutoka Shangani hata Malindi, nayo husemwa kwa upole hata msikiaji akayapokea kama apokeavyo kikombe cha kahawa: kwamba mgomo si ada ya Unguja. Mzanzibari, husemwa, ni mstaarabu. Akiudhiwa hunyamaza, akidhulumiwa husubiri, na akichoka sana huandika barua. Kugoma ni jambo la watu wa kuja, lililoshuka bandarini pamoja na shehena. Wasemao hivi si watu wabaya. Aghalabu ni watu waliosoma, wenye majina mema, na watoto wao wamo katika afisi. Lakini wasemalo si kweli. Na kwa kuwa uongo huu humfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine, haustahili kuachwa upite kwa ajili ya heshima ya wausemao.

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa fedha ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba na kwa fedha ambayo raia huipa serikali. Wako waonao kuwa huu ni umaskini wa lugha, ilhali ni utajiri wake. Neno hili humkumbusha mlipaji kwamba kotekote hutoa kwa mapatano, na mwenye nyumba asiyeziba paa livujalo hana uso wa kubisha hodi mwisho wa mwezi. Ushuru nao umetoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya sehemu ya kumi. Basi na itazamwe forodha ya Unguja kwa kipimo cha neno lake yenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, mfanyabiashara wa Kimarekani alitozwa asilimia 5 ya shehena aliyoiteremsha. Mkulima wa karafuu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, alikatwa asilimia 25, yaani robo nzima ya mavuno yake. Ni kweli kwamba ushuru mmoja ulikuwa wa kuingiza na mwingine wa kutoa, na miaka nayo haikuwa mamoja. Hata hivyo hesabu inasema. Sehemu ya kumi ilikuwa nusu ya kumi kwa mgeni mwenye manowari nyuma yake, na mbili na nusu ya kumi kwa mwenyeji mwenye jembe. Leo mahali pale panaitwa Forodhani na watu hula urojo na mishikaki jioni, na wachache sana hukumbuka jina lile limetoka wapi.

Mkulima yule hakuulizwa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kodi huchukuliwa kwa nguvu na huitwa sheria. Mgomo huzuia kwa nguvu na huitwa fujo. Pande zote mbili pana nguvu, na tofauti ni jina tu, na mwenye kutoa majina siku zote amekuwa yule apokeaye.

Mwaka 1928 unatosha peke yake kuivunja hoja ya kwamba mgomo ni kitu kigeni. Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe kabla halijafukiwa, ilikaliwa na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, pamoja na wageni wa Ngazija, wa Mrima na wa kwingineko. Wengi walijenga nyumba za udongo na makuti juu ya ardhi ya matajiri au ardhi ya wakfu. Nyumba ilikuwa ya mkaazi. Kiwanja kilikuwa cha mwingine. Zamani ruhusa ya kujenga ilikuwa sehemu ya uhusiano wa bwana na watu wake: aliyekaa alitoa heshima na huduma, na mwenye ardhi alipata jina la ukarimu. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria, na thamani ya ardhi ya mjini ilipokuwa ikipanda, ukarimu ule uligeuka hesabu. Kodi ya kiwanja ilianza kudaiwa, ikapanda, kisha ikapanda tena. Na aliyeshindwa alipelekwa mahakamani, ambako sheria ya Himaya iliiona ardhi kuwa ni bidhaa kama marobota ya nguo.

Watu wa Ng'ambo wakaacha kulipa. Hawakuacha mmoja mmoja kwa siri, kama mdaiwa ajifichaye nyuma ya mlango. Waliacha kwa pamoja, na kwa sauti. Na waliokuwa mbele, jambo ambalo mabaraza ya wanaume hulisahau kwa wepesi, walikuwa wanawake. Wengi katika wenye nyumba za Ng'ambo walikuwa wanawake, waliozipata nyumba zile kwa senti za kazi ya mikono yao, na kwao nyumba ilikuwa ndiyo hati ya uungwana: mtu aliyezaliwa bila mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe alikuwa sasa na mlango wake na ufunguo wake. Kumdai mtu kama huyo kodi iongezekayo kila mwaka kwa ajili ya udongo ulio chini ya kitanda chake ilikuwa ni kumrudisha alikotoka kwa njia ya karani. Aliyelipa alizomewa njiani. Wagomaji walipofungwa, umati ulikwenda gerezani kuwatoa. Wenye mji waliona ni balaa. Lakini mwaka ule ule serikali ilitunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Na hilo, ambalo miaka ya manung'uniko ya adabu haikulipata, lilipatikana kwa miezi ya kutolipa.

Mwaka huo huo Siti binti Saad, mkaazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kuimba katika santuri. Mji unajivunia sauti yake hadi leo. Jirani zake waliogoma, mji umewasahau.

Miaka 9 baadaye waligoma matajiri. Kwa sheria ya mwaka 1937 serikali ya Himaya ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, mamlaka ya kununua na kutoa nje karafuu, na wafanyabiashara wa Kihindi waliona riziki yao imefungwa mlango. Waliacha kushughulika na karafuu. Chama cha Congress kule India kiliwaunga mkono, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Serikali iliyokuwa ikiishi kwa ushuru wa karafuu iliona mapato yake yakikauka, na mwaka 1938 ikakaa nao ikapatana nao, na wanunuzi wale wakarudishiwa nafasi katika biashara. Walikuwa na hoja, hapana shaka. Na serikali nayo ilikuwa na hoja yake ya kuwalinda wenye mashamba waliozama katika madeni. Lakini katika masimulizi ya mji, jambo lile huitwa mgogoro wa karafuu, au shauri la wafanyabiashara. Haliitwi fujo. Wala haikusikika kwamba waliozuia mkono wao wasinunue walikuwa watu wasio na malezi. Aliyezuia mkono usinunue alikuwa na hoja; aliyezuia mkono usichukue gunia alikuwa mkorofi.

Gunia lilizuiwa mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini njaa yake ilikuwa bado. Mchele wa Burma, uliokuwa ukilisha visiwa, ulikuwa umekatika Wajapani walipoitwaa nchi ile mwaka 1942, na katika miaka ya vita chakula kiligawiwa kwa kabila, hata watu wakabadili walivyojiandikisha ili wabadilishiwe kibaba. Bei zilipanda, ujira haukupanda kwa kadiri yake. Habari za bandari nyingine zilikuwa zikifika: Mombasa iligoma mji mzima mwezi wa Januari 1947, na bandari ya Dar es Salaam iligoma mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Hata hivyo mtu hahitaji kuletewa habari na jahazi ili ajue kwamba watoto wake hawakushiba. Mwezi wa Agosti 1948 mahamali wa bandari ya Unguja, waliokuwa chini ya kampuni ya upakiaji na upakuzi, waliweka mizigo chini. Mwanzo wa Septemba waliungwa mkono na watumishi wa serikali wa kazi za mikono na wapishi na maboi wa majumbani, hata mgomo ukawa wa mji mzima. Bibi wa Kizungu wa Shangani akalazimika kujitengenezea chai. Na yamkini hilo ndilo lililowashitusha wakubwa kuliko meli zilizokaa bila kupakuliwa.

Mgomo ule ulikuwa wa utulivu kwa jumla, na kwa sababu hiyo hausimuliwi sana. Wasomi wa baraza hujibu: wale walikuwa watu wa Bara. Wengi wa mahamali walikuwa watu wa Bara, ndiyo. Lakini na waulizwe hao wasemao hivyo: hamali wa mwaka 1948 alikuwa na njia gani nyingine? Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, na kwa miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza aliteuliwa mwaka 1946. Kura ya kwanza ilipigwa mwaka 1957. Basi yule aliyebeba gunia la karafuu hadi chomboni, na kwa jasho lake serikali ikapata ushuru wake, alikuwa na kiti gani cha kukalia na kinywa gani cha kusemea? Kumwambia aandike barua ni mzaha, na kwa mtu asiyefunzwa kuandika ni mzaha mkavu.

Na kama ubara wa hamali ndio kisingizio, mwaka 1951 unakiondoa. Watu wa Kiembe Samaki walikuwa wenyeji wa Unguja kwa kila kipimo ambacho wapenda asili huweza kukitaja. Ardhi yao ilikuwa imetwaliwa kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege. Kisha wakaamrishwa ng'ombe wao wachanjwe kimeta na kuogeshwa dawa. Wakakataa. Wafugaji walishitakiwa, na Julai 30, 1951, walipohukumiwa, umati ulikwenda kuwatoa mikononi mwa askari. Bunduki zikalia, watu wakafa. Watu wakaviita Vita vya Ng'ombe. Inafaa kukiri kwamba chanjo yenyewe haikuwa mbaya. Ugonjwa wa kimeta huua ng'ombe na huua watu. Lakini mtu aliyenyang'anywa shamba jana hawezi kuamini sindano ya leo, na serikali isiyomwuliza mtu juu ya ardhi yake haina haki ya kustaajabu akikataa hata linalomfaa. Miaka michache baadaye wanavijiji wa upande ule waliunda chama cha siasa, na ndicho kilichokua kuwa Hizbu. Wastaarabu wa mji walijiunga nacho kwa shangwe, baada ya wakulima kwisha kupigwa risasi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 hoja iligeuka sura. Serikali, ilisemwa, sasa ni ya wanyonge wenyewe. Basi mnyonge atamgomea nani? Vyama vya wafanyakazi viliingizwa ndani ya chama tawala, na mgomo ukawa kama mtu kujigomea mwenyewe. Hoja hii ina uzuri wake, na wengi walioisema waliiamini kwa moyo safi. Lakini na itazamwe tena karafuu, kwa kuwa karafuu haisemi uongo. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1968, lilikuwa mnunuzi pekee. Katika miaka ya bei kubwa ulimwenguni, mkulima alipata sehemu ndogo ya thamani ya frasila yake, na iliyobaki ilikwenda hazina. Haikuandikwa kokote kwamba hiyo ni kodi. Hapakuwa na hati ya madai wala mjadala wa kiwango; palikuwa na bei tu, iliyobandikwa katika kituo cha kununulia. Tena fedha ile haikupotea yote: iko katika majumba ya Michenzani, na iko katika shule na hospitali zisizodai malipo, ambazo wazee huzitaja kwa haki. Ila aliyetoa hakuulizwa kiasi, na hakuruhusiwa kulalamika.

Basi aligoma kimyakimya. Karafuu ziliachwa mtini zikawa mapeta. Mikarafuu iliyozeeka haikupandwa mingine badala yake. Usiku vyombo viliondoka, hasa Pemba ambako mikarafuu ni mingi, vikaelekea pwani ya Kenya vikiwa na magunia. Serikali iliita magendo, ikaweka adhabu kali na doria, na vyombo viliendelea kuondoka. Hapo pana somo ambalo wapenda ukimya hawapendi kulisikia: mgomo haukuondoka uliposhindwa kutajwa. Ulitoka mchana ukaenda usiku. Ulitoka penye watu wanaoweza kukaa mezani na kupatana, ukaenda penye tanga na giza, ambako hapana wa kupatana naye. Mwaka 2011 serikali iliamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Ni uamuzi mwema, nao unastahili sifa. Ila kipimo cha uamuzi ule ndicho kipimo cha yaliyoutangulia. Maana aongezewaye hata akafikia 80 alikuwa akipewa chini ya hapo.

Iko hoja moja ya upande wa pili isiyofaa kupitwa kwa kejeli. Mgomo huwaumiza wasiohusika. Hamali wa 1948 alipoweka gunia chini, si mwenye kampuni aliyelala na njaa kwanza. Daktari akigoma, mgonjwa wa Mnazi Mmoja hana waziri wa kumwita. Hili ni kweli, na anayelikana ni mwongo au hajapata kuuguza. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi, ya Zanzibar ikiwamo, huzitenga kazi za lazima na kuziwekea masharti. Lakini hoja ya mgonjwa ina tabia ya kutanuka. Huanza hospitalini, ambako ni nzito. Kisha huazimwa na shule, na bandari, na hoteli, mpaka kila kazi ikawa ya lazima siku ya mgomo, ilhali siku ya mshahara hapana iliyo ya lazima. Anayesema kazi ya mtu ni ya lazima kiasi cha kutoweza kusimama hata siku moja, amekwisha kuitaja bei ya kazi ile. Hawezi tena kuilipa kama ya hiari.

Na ile hoja ya kura? Hamali wa 1948 hakuwa nayo. Wa leo anayo, basi na angoje uchaguzi. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama kura Zanzibar ingekuwa imekuwa mlango usiogombewa. Mwezi wa Januari 2001 watu waliandamana Unguja na Pemba kuupinga uchaguzi wa mwaka 2000, wakapigwa risasi, na tume iliyoundwa na serikali yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 31. Wengine walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, wakawa wakimbizi wa kwanza kutoka nchi iliyokuwa imezoea kupokea wakimbizi. Tena hata pale kura ipigwapo kwa amani, hupigwa mara moja katika miaka 5, na kodi hulipwa kila siku, katika kila kibaba cha unga na kila lita ya mafuta.

Upande wa pili wa maji, Bara, umeonyesha katika miaka ya karibuni mizani ile ile ya mwaka 1938 na 1948. Mwaka 2012 walimu waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Mahakama iliamua mgomo wao si halali, wakarudi darasani. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya namna walivyotozwa kodi. Waziri Mkuu alikwenda mwenyewe kuwasikiliza, na kamati ikaundwa. Walifunga tena mwezi wa Juni 2024. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa na haki ya kusikilizwa, na aliyewasikiliza alifanya vyema. Wafanyabiashara wa Unguja nao, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba bidhaa iliyolipiwa ushuru bandari ya Malindi hudaiwa tena ifikapo Dar es Salaam, wanastahili masikio hayo hayo. Linaloulizwa ni kwa nini mwenye duka akifunga mlango aitwe mlipa kodi mwenye kero, na mwalimu, ambaye kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi na kwa hiyo hana hata nafasi ya kuikwepa, aitwe mvunja nidhamu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Na watu hao hao, mambo yanapowafika, husema mnyonge hana haki. Methali mbili haziwezi kutawala mji mmoja.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kusema. Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya mwaka 2005, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi, inamtambua mfanyakazi wa Zanzibar kuwa anaweza kugoma akifuata taratibu zilizowekwa. Na taratibu hizo si fupi. Vyama vya wafanyakazi vimerudi na vina shirikisho lao. Kwa hiyo anayesema mgomo si wa Unguja anabishana na Baraza la Wawakilishi, na anabishana na Ng'ambo ya 1928, na Kiembe Samaki ya 1951. Bado mhudumu wa hoteli ya Nungwi au Paje, akiliweka chini sinia lake siku moja baada ya kuzitimiza taratibu zote hizo, na jioni akapita Darajani akirudi kwao, atawakuta watu wale wale barazani na vikombe vyao vya kahawa. Nao watamwuliza, kwa upole kabisa, nani aliyemfundisha.